Kwa nini chanjo ya corona ilikuja haraka na ya Klebsiella bado: jibu kwa baba wa mapacha wa Malindi

Swali: "Asalaam alaikum daktari. Mimi ni mkazi wa Barani, Malindi, naendesha tuktuk. Mke wangu alijifungua mapacha kabla ya miezi kutimia. Siku ya nne mmoja akaacha kunyonya, mwili ukawa baridi, tukaambiwa ana maambukizi kwenye damu. Alidungwa penisilini na jentamisini, hazikusaidia. Maabara ikasema ni bakteria aitwaye Klebsiella, na ni sugu, ikabidi tutafute dawa ya meropenemu nje kwa bei iliyotutoa jasho. Alhamdulillahi amepona. Sasa nauliza: corona ilipokuja, chanjo ilipatikana ndani ya mwaka. Kwa nini hawa wadudu sugu hawatengenezewi chanjo? Na hizi sindano anazochomwa kliniki zina faida gani kama hazimkingi na kitu kama hiki?"

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Hongera kwa mapacha, na poleni kwa yote mliyopitia. Nitafuata mpangilio wako, ingawa nakuonya mapema kwamba ni hilo swali la pili, uliloliuliza kama kwa kukata tamaa, ambalo lina jibu zuri zaidi. Na jibu hilo limepatikana hapa hapa kwenye kaunti yetu ya Kilifi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Chanjo ya usugu haipo, wala hakuna anayeitengeneza. Usugu ni silaha anayobeba bakteria: kimeng'enya cha kuikata dawa vipande, au pampu ya kuitema nje kabla haijafanya kazi. Jeni za silaha hizo mara nyingi hukaa kwenye vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa ukoo mwingine. Chanjo haigusi hayo. Inachofanya ni kuufundisha mwili umtambue bakteria kwa umbo lake la nje, na Klebsiella sugu kwa nje hana tofauti na asiye sugu. Yule aliyeishinda jentamisini hapati nafuu yoyote mbele ya kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kumshika mdudu. Ndiyo sababu sisi tunaoshughulika na vimelea tunaitamani sana chanjo ya namna hii.

Sasa nikuonyeshe alichokiona mtu wa maabara. Damu kidogo ya mwanao ilitiwa kwenye chupa yenye lishe, chupa ikawekwa kwenye joto la nyuzi 37. Dalili za kuota zilipoonekana, tone lake likapakwa juu ya sahani ya plastiki yenye lishe iliyoganda. Kesho yake asubuhi Klebsiella huwa ameshafanya madoa makubwa, maji maji, yanayong'aa kwa ute. Kuna mengine ukiyagusa kwa kile kijiti cha maabara na kukiinua, ute unavutika uzi mrefu kabla ya kukatika. Kwenye sahani nyingine hupangwa viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayoua huacha eneo tupu kuzunguka karatasi. Isiyoua, bakteria huota mpaka kwenye ukingo wa karatasi bila wasiwasi wowote. Sahani hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya madaktari wabadilishe dawa.

Mtengenezaji wa chanjo, yeye, anakodolea macho ile ya kwanza. Ule ute ni ganda la sukari ambalo bakteria hujifunika nalo ili chembe nyeupe za damu zisimmeze. Kingamwili zikilishika ganda hilo, chembe nyeupe zinapata pa kumkamatia. Kwa hiyo ukitaka kumzuia, unaupa mwili ganda hilo mapema, bila bakteria mwenyewe, mwili ujifunze.

Hapo ndipo shida inapoanza. Maganda haya si ya aina moja. Kwa vipimo vya zamani zilihesabika aina zaidi ya 70 za ganda la Klebsiella, na tangu watu waanze kusoma jeni zake zimepita 100. Kingamwili za aina moja hazina habari na aina nyingine. Chanjo ya aina moja ingewafaa watoto wachache tu, na mwanao pengine asingekuwa miongoni mwao. Ukitaka kufunika sehemu kubwa ya maambukizi ya watoto wachanga unahitaji kuchanganya aina nyingi ndani ya sindano moja. Haliko nje ya uwezo wa binadamu, maana tayari iko chanjo ya nimonia yenye aina 20, lakini kila aina ni kiwanda kidogo: unamkuza bakteria wake, unamvua sukari, unaisafisha, unaipima, ndipo unaichanganya na zingine na kuhakikisha haziharibiani.

Tuje kwenye corona. Kirusi cha corona ni kitu kidogo sana, maandishi yake ya urithi ni kama herufi 30,000. Klebsiella ana zaidi ya milioni tano na jeni kama 5,000. Corona alikuwa na mwiba mmoja wa protini ambao kila kirusi lazima awe nao ili aingie kwenye seli, na wanasayansi walikuwa wameshauchunguza mwiba wa jamaa zake tangu SARS ya 2002 na MERS ya 2012. Ule mwaka mmoja unaousikia ulikuwa na karibu miaka 20 nyuma yake. Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni: teknolojia ya mRNA iliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za corona ni maagizo ya kutengeneza protini. Ganda la Klebsiella ni sukari, na huwezi kuuandikia mwili maagizo ya kutengeneza sukari kwa njia hiyo. Kwa hiyo ule mtambo uliofanya maajabu mwaka 2020, kwa kazi hii hauingii moja kwa moja.

Sukari ina kasoro nyingine. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili hauishughulikii. Ukimdunga sukari tupu, kinga yake inaiona na kuipita kama askari wa getini anayemwacha mtu aende zake kwa sababu hamjui na hana amri juu yake. Dawa ya hilo iligunduliwa zamani: unaifunga sukari kwenye protini ambayo kinga ya mtoto inaichukulia kwa uzito, kwa mfano protini iliyotokana na sumu ya pepopunda iliyopoozwa, na zote mbili zinakamatwa pamoja. Chanjo za namna hiyo zilianza kupewa kibali mwishoni mwa miaka ya 1980, na utaziona tena tukifika kwenye kadi ya mwanao.

Halafu kuna suala la muda, na kwa maoni yangu hili ndilo gumu kuliko yote. Mwanao aliugua siku ya nne. Hata kama angechomwa chanjo bora kabisa dakika ile aliyozaliwa, mwili wake ungehitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Kwa hiyo chanjo ya Klebsiella ya watoto wachanga si ya mtoto, ni ya mama. Mkeo alipokuwa mjamzito alichomwa sindano ya pepopunda kliniki, si ndiyo? Njia ni ile ile: mama anatengeneza kingamwili, zinapita kwenye kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nazo. Ila kingamwili hizo hupita kwa wingi miezi mitatu ya mwisho. Mtoto njiti, ambaye ndiye Klebsiella anampenda zaidi, anatoka kabla hajapokea fungu lake lote. Inabidi mama achanjwe mapema kidogo katika ujauzito, na chanjo iwe na nguvu ya kutosha kuvusha kingamwili kwa haraka. Wanaoishughulikia wanalijua hilo, na linawaumiza kichwa.

Faida ikipatikana ni kubwa. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2023 walikadiria kwamba chanjo ya wajawazito yenye uwezo wa asilimia 70 ingezuia karibu visa 400,000 vya maambukizi ya damu kwa watoto wachanga kila mwaka duniani, na vifo kama 80,000. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,200 wenye dalili za maambukizi kama ya mwanao, katika nchi 11, Kenya ikiwemo. Bakteria aliyeoteshwa mara nyingi kuliko wote alikuwa Klebsiella, na madaktari walitumia michanganyiko ya dawa zaidi ya 200 tofauti kujaribu kuwaokoa. Ukiona michanganyiko 200, ujue kila mtu anapapasa gizani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa upya orodha yake ya bakteria wa kuogopewa mwaka 2024, Klebsiella sugu kwa dawa za kundi la meropenemu ndiye aliyekaa juu.

Basi mbona haijaja? Mbali na hayo ya ganda na muda, majaribio yenyewe ni mzigo. Corona ilikuwa kila mtaa, ukichanja watu 30,000 na kusubiri miezi michache, jibu unalo. Maambukizi ya damu ya Klebsiella yanampata mtoto mmoja kati ya wengi, kwa hiyo unahitaji kina mama wengi mno, kwenye hospitali zenye maabara ya kuotesha damu, na unajua mwenyewe ni hospitali ngapi za pwani zinaotesha damu kila siku ya wiki. Ipo njia ya mkato inayotafutwa: kujua ni kiwango gani cha kingamwili kwa mtoto kinatosha kumkinga, ili chanjo ipimwe kwa kiwango hicho badala ya kuhesabu wagonjwa. Chanjo moja ya Klebsiella inayolenga sukari nyingine iliyo chini ya ganda, yenye aina chache, imeshafika kwenye majaribio ya awali kwa watu wazima. Zingine ziko maabara.

Na nisikudanganye kwamba kila inayojaribiwa inafanikiwa. Chanjo kubwa ya kuwakinga wazee na E. coli, bakteria wa matumboni, anapoingia kwenye damu ilisimamishwa Februari 2025 kwa sababu haikuonyesha kinga ya kutosha. Ya Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda vya upasuaji, imeanguka zaidi ya mara moja: moja ilisimamishwa 2011, nyingine 2018. Ile ya 2011 ilitisha, kwani miongoni mwa waliopata maambukizi ya bakteria huyo baada ya upasuaji, waliochanjwa walikufa zaidi kuliko wasiochanjwa. Bakteria hao wanaishi nasi tangu utoto, puani na matumboni, na mwili una kingamwili zao tayari. Kuongeza kingamwili zaidi si lazima kusaidie. Kampuni ikishapoteza pesa kiasi hicho mara mbili tatu, bodi yake haitaki kusikia neno bakteria. Sio vizuri, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sindano za kliniki. Chukua ile kadi ya mwanao uitazame wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Utaona chanjo ya nimonia, na ndani ya ile ya magonjwa matano utakuta ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto. Zote mbili ni zile za sukari iliyofungwa kwenye protini niliyokueleza.

Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza kipo Kilifi tangu 1989, na watu wake wamekuwa wakiotesha damu za watoto wanaolazwa pale. Mwaka 2005 walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi: kati ya watoto waliofia hospitalini, zaidi ya robo walikuwa na bakteria kwenye damu. Kabla ya hapo homa ya mtoto wa pwani ilikuwa malaria hadi ithibitishwe vinginevyo. Hib iliingizwa Kenya mwaka 2001, na ndani ya miaka mitatu magonjwa makali ya Hib kwa watoto wadogo wa Kilifi yalipungua kwa asilimia 88. Chanjo ya nimonia yenye aina 10 ikaja 2011. Kilifi wakafanya na kampeni ya kuwafikia watoto wote wa chini ya miaka mitano, na magonjwa makali yanayoletwa na aina zile 10 yakashuka kwa asilimia 92 katika kundi hilo la umri. Ukijumlisha na aina ambazo hazimo kwenye sindano, bado upungufu ulikuwa asilimia 68.

Utasema, sawa, lakini hao si wadudu sugu. Hapana, ni wadudu sugu sana. Bakteria wa nimonia amekuwa akiishinda penisilini kwa miaka mingi, na aina zilizokuwa sugu zaidi ndizo nyingi zilizotiwa kwenye chanjo. Marekani, baada ya chanjo kuingia, maambukizi makali ya bakteria wa nimonia sugu kwa penisilini yalipungua kwa asilimia 81 kwa watoto wa chini ya miaka miwili kati ya 1999 na 2004. Afrika Kusini, walioanza 2009, walipata karibu sawa na hayo. Hakuna antibiotiki iliyowahi kuupunguza usugu. Antibiotiki zote huuongeza, haraka au polepole. Bakteria nao hujaribu kuikwepa chanjo, kwa aina zisizomo kwenye sindano kuchukua nafasi iliyoachwa, kama ile aina iitwayo 19A ilivyofanya Marekani, na ndiyo sababu chanjo huongezewa aina kila baada ya muda. Lakini ni mwendo wa taratibu ukilinganisha na namna dawa inavyochakaa.

Kuna faida nyingine iliyojificha, nayo inamgusa mwanao na huyo Klebsiella wake moja kwa moja. Mtoto akiharisha kwa virusi vya rota au akipata homa ya kifua, hapa kwetu anapewa antibiotiki, iwe inafaa au haifai. Dawa hiyo haimwendei mdudu wa kifua peke yake. Inashuka tumboni, inaua bakteria wapole, na Klebsiella mwenye silaha anabaki na nyumba nzima. Kesho anaingia kwenye mikono ya mama, ya muuguzi, kwenye mpira wa dripu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilikadiria kwamba chanjo za nimonia na rota, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zinazuia kila mwaka matukio milioni 23.8 na milioni 13.6 ya watoto kuugua na kupewa antibiotiki. Hayo ni mamilioni ya chupa za amoksilini ambazo hazikufunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2024 kuwa chanjo dhidi ya vimelea 24, zilizopo na zinazotafutwa, zikitumika ipasavyo zinaweza kupunguza matumizi ya antibiotiki duniani kwa asilimia 22.

Mwanao akifika miezi tisa ataongezewa ya homa ya matumbo, yaani taifodi, iliyoanza Kenya Julai 2025. Hii nayo ilisukumwa na usugu. Jimbo la Sindh, Pakistan, tangu 2016 lilipata taifodi iliyozishinda dawa karibu zote, zikabaki azithromaisini ya kumeza na meropenemu ya sindano. Mwaka 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuiingiza chanjo hiyo mpya kwenye ratiba ya watoto. Kule Malawi ilijaribiwa kwa watoto kama 28,000 na ikakinga kwa karibu asilimia 80, na kinga ikadumu zaidi ya miaka minne. Na kwa kuwa tumetaja taifodi, nitie langu: kile kipimo cha tone la damu kinachofanywa dukani, Widal, kinakuta kingamwili za zamani na kuziita ugonjwa wa leo. Mtu mwenye "taifodi kila mwezi" mara nyingi hana taifodi. Ana homa nyingine na anameza siprofloksasini bure, na ndio mwanzo wa safari ya usugu niliyokueleza.

Kifua kikuu sugu nacho kinasubiriwa. Chanjo iitwayo M72 ilionyesha kinga ya karibu asilimia 50 kwa watu wazima waliokuwa tayari na vimelea vilivyolala, katika utafiti wa Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Jaribio kubwa la mwisho lilianza 2024, na Kenya imo tena.

Mpaka ya Klebsiella ifike, kinachomzuia ni mambo ya kawaida: mikono iliyooshwa kabla ya kumgusa mtoto njiti, maziwa ya mama mwenyewe, kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi badala ya kumwacha na mipira bila sababu, na ile dawa ya kitovu ya klorheksidini inayotolewa kliniki badala ya majivu au mafuta. Akipata homa, usianze na duka la dawa.

Na la mwisho, kwa sababu najua litakuwa linakusumbua: njiti hacheleweshewi chanjo. Watu wengi husubiri afikishe umri ambao "angepaswa" kuzaliwa ndipo wahesabu wiki sita. Hesabu tangu siku aliyozaliwa kweli, uzito hata ukiwa mdogo, mradi yuko imara. Kama kulazwa kumewapitisha tarehe, nendeni na kadi zote mbili siku yoyote ya kliniki. Muuguzi ataendelea kutoka pale walipoachia. Sindano walizokwisha kupata hazirudiwi.